Kulilaza Tairi Jipya

Asubuhi ya mtihani Injini alitoka uani na mswaki mdomoni, akakuta pikipiki yake inang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Mumewe alikuwa amechuchumaa kando yake na kitambaa mkononi, meno yote nje.

"Usiseme kitu kwanza," alimwambia. "Tazama chini."

Akatazama. Matairi yote mawili yalikuwa mapya! Injini, ambaye hakupewa jina hilo kwa sababu ya upole wa sauti, alitema povu la dawa ya meno akapiga kigelegele mpaka jirani wa pili akafungua dirisha kuuliza nani kajifungua.

Mumewe alikuwa fundi pancha. Kila tairi lililoning'inia mbele ya kibanda chake lilipakwa mafuta ya kung'arishia, ili mpita njia ageuze shingo. Ya wateja aliyapaka ubavuni tu, akaishia hapo. Lakini haya yalikuwa ya mke wake, na kwa mke mtu hafanyi ubahili. Alipaka ubavuni, akapaka na mgongoni pale penye meno, akasugua mpaka vile vinywele vya mpira vinavyotoka na tairi kiwandani vikalala chali.

Mtihani wenyewe ulikuwa wa hospitali. Walitaka dereva mmoja tu wa pikipiki, wa kupeleka damu na dawa kwenye zahanati za mbali. Unafungiwa sanduku la chupa nyuma, unazunguka mapipa mawili kwa umbo la nane, kisha unafunga breki kwenye sakafu iliyomwagiwa maji. Mguu ukigusa chini, umekwenda na maji.

Na si kazi tu iliyokuwa hatarini. Mama mkwe, mwenye nyumba na mwenye ua, alikuwa amechoka kuona mkaza mwana wake akitanua miguu juu ya pikipiki. "Nenda huo mtihani mmoja," alikuwa amesema mbele ya mwanawe. "Ukishinda, mimi nitafunga mdomo. Ukishindwa, hilo dude litoke uani kwangu, nawe utafute kazi ya kukaa kwenye kiti." Injini alikubali, na Injini hakuwa mtu wa kula matapishi yake.

Alivaa kofia, akapanda, akakata kona kutoka uani. Hakufika mbali. Kwenye sakafu ya saruji, palipokuwa na maji ya kufulia, tairi la nyuma liliteleza kama ganda la ndizi, na yeye huyo chini, puu!

Mama mkwe alikuwa kizingitini na kikombe chake cha chai. "Haya," alisema. "Mtihani umekwisha mapema."

Fundi alikimbia, akamwinua mkewe, kisha akagusa tairi. Vidole vikarudi na mafuta, na tabasamu lote likamyeyuka.

"Nirudishie la zamani!" Injini alisema huku akipangusa goti.

"Nimeshalikata."

"Umelikata?"

"Nimetengeneza mipira ya kufungia mizigo. Mizuri sana, kwa kweli."

Injini hakujua acheke au alie. Kusema haki, lile la zamani nalo halikuwa la kuliliwa. Tairi la nyuma ndilo linalobeba mzigo na kusukuma, ndiyo maana huisha haraka kuliko la mbele, na lake lilikuwa limetembea lami iliyonyooka mpaka mgongo ukawa bapa. Kwenye kona lilikuwa linakataa kulala, halafu linaanguka ghafla. Lakini alikuwa amelizoea kama mtu anavyozoea mume mkoromaji. Hili jipya hakulijua hata kidogo.

Walilisugua kwa sabuni, brashi na mchanga, wote wawili, maji yakiruka mpaka dirishani.

"Mafuta yametoka," Fundi alisema, "lakini tairi jipya lina utelezi wake wenyewe. Huo hautoki kwa sabuni, unatolewa na barabara. Na ukienda moja kwa moja utakwangua katikati tu. Kwenye ile nane utakanyagia pembeni. Kwa hiyo ulilaze, kushoto na kulia, kidogo kidogo, na uzito uwe nyuma."

"Panda basi, twende!"

Fundi alijitazama. Alikuwa mwembamba kama spoku, na huo ndio ukweli.

"Nitapanda mimi," alisema mama mkwe.

Mama alimaliza chai yake bila haraka, akakaza kilemba, akavaa kofia ya mwanawe juu yake, na pikipiki ikashuka vizuri alipoketi. Uzito ulikuwepo, tena wa kutosha na kubaki.

Walikwenda kwenye uwanja wa lami nyuma ya maghala, mahali malori hugeukia. Injini alianza kuzunguka taratibu, mgongo umemkauka. Kumwangusha mama mkwe si jambo la kusamehewa kwenye ukoo wowote! Alizungusha mara ya kwanza, akazungusha mara ya pili, pikipiki ikiwa imesimama wima kama mlingoti.

"Mbona tunakwenda kama tunasindikiza maiti?" sauti ilitoka nyuma.

"Naogopa, mama."

"Ogopa ukifika. Sasa laza!"

Akalaza kidogo. Tairi likashika. Akalaza tena, upande wa pili, likateleza kidogo, likashika. "Laza!" mama alipiga kelele. "Laza zaidi, mwanangu, lami iko wapi, mimi siioni!" Injini alihisi kitu kinafunguka kifuani, akaanza kucheka ndani ya kofia. Pikipiki ilikuwa inaingia kwenye kona laini kabisa, bila ule ukaidi wa zamani, na kutoka nayo inatoka yenyewe. Mungu wangu, kumbe hivi ndivyo inavyotakiwa kuwa! Waliposimama kuangalia, ule mng'ao ulikuwa umefutika katikati na umebaki kamstari kembamba pembeni kabisa. Mama aliinama akakagusa.

"Bado hapa," alisema, na kupanda tena bila kuombwa.

Kwenye mtihani, uwanjani pa hospitali, aliyemtangulia Injini aliitwa Rubani, kijana wa miwani ya jua aliyependwa na watazamaji wote. Naye alikuwa amefunga matairi mapya asubuhi hiyohiyo, vinywele vimesimama bado. Pipa la kwanza alilipita kwa madaha. Kwenye la pili tairi lilimkimbia, na madaha yakaishia chini pamoja na miwani. Watu wakashusha pumzi.

Ikawa zamu ya Injini. Chupa ziligongana nyuma yake. Alielekeza macho pale anapokwenda, si kwenye pipa, akalaza kushoto, akalaza kulia, na tairi lilishika. Lilishika! Nyuma ya kamba alisikia sauti moja juu ya sauti zote: "Laza! Laza!" Akaingia kwenye maji, akabana breki zote mbili polepole kama mtu anayekamua chungwa asilotaka kulipasua, na pikipiki ikatulia mbele ya mstari. Miguu ilikuwa bado juu.

Msimamizi alihesabu chupa, hakuna iliyovunjika. "Kesho asubuhi uje kuchukua sare," alimwambia.

Injini alipiga ukelele ulioamsha wagonjwa, kama wapo waliokuwa wamelala. Fundi alikuwa anaruka tu. Mama mkwe aliinua kamba, akapita chini yake bila ruhusa ya mtu, akamshika Injini mabega yote mawili.

"Nikwambie kitu," alisema kwa sauti ya chini. "Asubuhi sikupanda ili nikusaidie. Nilijua ukiwa na mimi nyuma utaogopa kulaza, na tairi litabaki na utelezi wake, na hapa utaanguka."

Injini alimtazama, machozi yamemlenga. "Sasa mbona ulikuwa unaniambia nilaze zaidi?"

Mama mkwe aligeuza uso pembeni, lakini kicheko kilikuwa kimeshamtoka.

"Kona zilinoga, mwanangu."