Kadi Zilizolala Drooni

Nianze kwa kujitetea, maana najua mtanihukumu. Kazi yangu kwenye chuo cha udereva ni mapokezi. Napokea simu, napokea wanafunzi, na kwa miaka kumi na moja nimekuwa nikipokea kadi. Kila anayemaliza mafunzo, awe amepata leseni au amegonga nguzo, hukabidhiwa kadi nyeupe iliyoandikwa juu: "Tuambie ukweli. Maoni yako ni mwanga wetu." Maneno hayo aliyatunga mkurugenzi mwenyewe, na anayapenda kama mwanawe wa kwanza.

Kadi za sifa nazibandika kwa pini ukutani, kila mwalimu na safu yake. Zilizobaki zinaingia kwenye mtoto wa meza wa tatu, yule asiyefunguka mpaka umpige kwa goti. Siku zangu za mwanzo nilimwuliza mkurugenzi kwa nini tunawaomba watu ukweli kisha tunaufungia.

"Dada yangu," akasema, "ukialika wageni unawapeleka sebuleni au chooni?"

Nikaona ana hoja. Nikawa naitumia hata nyumbani.

Tena nilikuwa fundi. Kadi ikiwa na sifa juu na lawama chini, naibandika, halafu naifunika nusu ya chini kwa kadi ya mtu mwingine. Hivyo ndivyo Mwalimu Taratibu alivyopata jina lake. Mwanafunzi mmoja aliandika: "Mwalimu ni mtaratibu sana," na mstari wa chini, "hasa akiwa amelala." Niliufunika ule wa chini. Watu wakasoma wa juu, jina likamganda, na yeye mwenyewe akaliamini.

Basi, mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi niliingia siku mama yangu alipotokea pale mapokezi na mkoba wake wa kanisani, akasema anataka kujifunza gari.

Mama ana miaka sitini na mitatu. Alishona sare za shule maisha yake yote. Marehemu baba alimwachia gari dogo la kijani, ambalo kwa miaka miwili lilikuwa limelala uani chini ya turubai. Kaka yangu alikuwa ameshasema kwamba mwaka ukiisha bila mtu wa kuliendesha, atalitafutia mnunuzi.

"Nimechoka kuomba kupelekwa sokoni na watoto niliowafundisha kutembea," Mama akatangaza, mapokezi yote yakisikia. "Pedali ya cherehani nimeikanyaga miaka thelathini. Klachi itanishinda nini?"

Akavaa miwani, akausoma ukuta. Aliusoma nusu saa nzima, safu kwa safu, kama mtu anayechagua kitambaa cha harusi. Mwishowe akaweka kidole kwenye safu ya Taratibu.

"Huyu."

Nikawahi kusema, "Mama, mchukue Bibi Vioo." Bibi Vioo ni mwalimu mwingine, mwanamke mkavu wa maneno, ambaye hawashi gari mpaka mwanafunzi aangalie vioo vyote vitatu. Ni mzuri, ila alikuwa na mwaka mmoja tu kwetu.

"Ana kadi saba. Huyu ana arobaini na moja."

"Kadi si kila kitu."

"Kwani kuna nyingine ambazo sijaziona?"

Mkurugenzi alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake, anatabasamu.

"Hapana, Mama."

"Basi. Zimebandikwa na mwanangu. Nisipoziamini hizi niamini nini?"

Somo la kwanza alirudi akasema gari ni zuri. Somo la pili alisema barabara ni nyembamba. Somo la tatu nilimsikia Taratibu kabla sijaliona gari, na madirisha yalikuwa yamefungwa, ya kwao na ya kwangu.

"Kushoto! Nimesema kushoto! Huo ni mkono au mwiko?"

Gari likapita polepole mbele ya dirisha langu. Mama alikuwa ameukumbatia usukani, mabega yamepanda mpaka masikioni. Langoni gari likazima. Akaliwasha, likazima tena. Mara ya tatu Taratibu alishuka, akazunguka, akaliingiza mwenyewe. Mama akaja mapokezi, akafuta miwani, akaomba maji. Mama yangu huyu, ambaye aliwahi kumfukuza mwizi kwa mkasi wa kukatia vitambaa, aliniuliza kama anaruhusiwa kuketi.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kwake. Nilimkuta mezani na simu.

"Nimempigia kaka yako. Aje na mnunuzi wake."

"Mama! Kwa masomo matatu tu?"

"Mimi si wa kuendesha, mwanangu."

"Tatizo ni mwalimu."

"Hapana. Nimeliwaza sana hilo. Watu arobaini na mmoja wamefundishwa na mtu huyo huyo, na wote wamemsifu. Kwa hiyo aliyeshindwa ni mmoja tu, na ndiye huyu anayekunywa chai hapa."

Alisema akicheka, lakini kiganja chake kilikuwa kinakinyoosha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa na mkunjo hata mmoja. Nikaona aibu, aibu ya kweli. Miaka yote nilijua kadi iliyofichwa inamwokoa nani. Sikuwahi kujiuliza inamfanya nini anayekuja baadaye, akaumia palepale walipoumia wenzake, akadhani ni yeye peke yake.

Ofisi iko mwendo wa dakika kumi, na ufunguo ninao. Nilimpiga goti yule mtoto wa meza, nikajaza kapu langu la sokoni, nikarudi. Chai ilikuwa bado vuguvugu. Nikazimwaga kadi za Taratibu mezani, sitini na tatu.

Mama akavaa miwani, akachukua ya kwanza. "Nilijifunza kuendesha na kulia kwa wakati mmoja." Akaniangalia. Akachukua nyingine. "Mimi ni mwanajeshi mstaafu. Nimepigiwa kelele na wataalamu. Huyu anawazidi." Mdomo ukaanza kumcheza. "Aliniuliza kama nina macho. Mimi ni daktari wa macho."

Hapo akashindwa. Alicheka mpaka akavua miwani, akajifuta kwa upindo wa kanga, akaivaa, akasoma nyingine, akaivua tena. Alisoma zote. Mabega yalishuka kidogo kidogo, mpaka akakaa vile anavyokaa mama yangu.

Halafu akaacha kucheka.

"Zilikuwa wapi?"

"Kwenye droo."

"Nani alizitia?"

Ningeweza kusema mkurugenzi. Isingekuwa uongo mkubwa. "Mimi, Mama."

"Na nilipokuuliza kama kuna nyingine?"

Nje mtu alikuwa anapiga hodi kwa jirani, na nilitamani ingekuwa kwetu.

"Kama hamtaki jibu, msiulize," akasema. "Watu hawa hamkuwakuta wakisengenya barabarani. Mliwaomba wenyewe. Wakatafuta kalamu, wakakaa, wakafikiri. Nyinyi mkawapa asante, na ukweli wao mkaufungia giza."

"Mkurugenzi anasema mgeni hapelekwi chooni."

"Mgeni akikaa sana lazima atauliza kilipo, mwanangu. Nipe kadi."

"Ya nini?"

"Yangu. Mafunzo sijamaliza, lakini ukweli ninao."

Nikampa moja tupu iliyokuwa imechanganyika kapuni. Aliandika kwa muda mrefu, ameikinga kadi kwa mkono wa kushoto kama mtoto anayezuia jirani asiibe majibu. Akaikunja mara mbili.

"Usiisome hapa. Isome ofisini, ukiwa na pini mkononi. Na kaka yako mpigie wewe, umwambie nimeghairi."

Jumatatu nilifika kabla ya wote. Nilibandika kila kilichokuwa drooni: za Taratibu, za magari yanayonuka, hata ile inayosema saa ya ukutani iko nyuma dakika ishirini, ambayo ni kweli. Zilizofunikwa nikazifunua. Ukuta ukajaa mpaka karibu na swichi ya taa.

Wa kwanza kuingia alikuwa Taratibu. Alisimama mbele ya safu yake, begi bado begani. Nilijiandaa kwa kelele, nikashika kabisa ukingo wa meza.

"Hizi ni za lini?" akauliza. Kwa mara ya kwanza nilimsikia akiongea chini.

"Zina miaka tisa, za mwanzo."

"Miaka tisa. Na kila asubuhi unanisalimia vizuri." Akaisogelea ile ya daktari wa macho, akaisoma mara mbili. "Mimi nilijua napaza sauti kidogo tu, kwa ajili ya injini. Ukutani mmeandika mimi ni mtaratibu. Ningejuaje?"

Heri angenifokea. Akaketi kwenye kiti cha wanafunzi, akaendelea kusoma.

Mkurugenzi aliingia saa mbili na nusu, kikombe mkononi, kikabaki hewani.

"Umewapeleka wageni chooni!"

"Choo ni chetu, bosi. Tukisafishe."

"Toa! Toa zote sasa hivi, kabla mteja..."

"Ziache," akasema Taratibu bila kugeuka. "Sijamaliza."

Mkurugenzi akamtazama yeye, akanitazama mimi. Akasema zitakaa mpaka Ijumaa, na kwamba Ijumaa tutaona mengi, pamoja na barua yangu ya kazi. Akaenda kujifungia ofisini kwake.

Ndipo nikachukua pini, nikaikunjua kadi ya Mama. Nilikuwa nimeshaipangia nafasi kwenye safu ya Taratibu. Ikasema hivi:

"Mwalimu anapiga kelele, lakini hakunidanganya. Dada wa mapokezi ana sauti nzuri, kiti kizuri na maji baridi. Nilimwuliza kama kuna kadi nyingine, akasema hapana, nami nikarudi nyumbani nikijiona mjinga. Simpendekezi kwa mtu yeyote, isipokuwa kama ni mwanao, hapo huna la kufanya. Nitakuja Jumanne kwa Bibi Vioo."

Nilitafuta safu ya mapokezi. Haikuwepo. Miaka kumi na moja nimepanga safu za watu wote, yangu sikuwahi kuianzisha. Nikasogeza kadi tatu, nikapata nafasi katikati kabisa, usawa wa macho, na nikaipiga pini. Mkono wangu wa pili, kwa mazoea yake, ulikuwa umeshachukua kadi ya kuifunikia nusu ya chini. Nikaiweka chini kadi hiyo, mkono nikautia mfukoni.

Jumanne Mama alikuja na viatu vya chini. Hakunisalimia. Alivaa miwani, akaenda moja kwa moja ukutani, akaitafuta, akaisoma mpaka neno la mwisho. Kona moja ilikuwa imejikunja. Akainyoosha kwa kidole gumba.

"Haya," akasema, "shikamoo yangu iko wapi?"