Wallahi ya Zaida

Basi la kampuni liliwashusha ufukweni, wakakuta maji yamejaa hadi kwenye mikoko. Wanawake wakakaa mchangani na ndoo tupu, vijiti vya kuchokolea pweza mapajani. Dereva alisema anageuza saa sita. Bahari ingekupwa alasiri.

"Zaida," akaita Mama Mastura, "hebu iambie bahari kwa Kireno. Labda itaondoka."

Walicheka. Zaida naye alicheka, akitazama miguu yake.

Yeye ndiye aliyetafsiri mkutanoni, kabla kijiji hakijahamishwa bara kupisha mtambo wa gesi. Wanaume walikubali kuacha nyumba na minazi. Wanawake walikataa kuacha bahari. Ndipo Senhor Custódio, mtu wa kampuni, akasema basi litafuata maji, kila bamvua, bahari inapokupwa mbali. Zaida alikuwa ameahidiwa kazi ya ofisini. Aliyasema maneno yale kwa Kiswahili kizuri, kisha akaongeza wallahi yake mwenyewe. Custódio hakuwa ameapa. Wanawake walikubali kwa wallahi ile.

Basi likaja kila Jumanne, iwe bamvua, yawe maji mafu. Kazi haikuja.

"Aguarda, menina," Custódio alimwambia kwenye simu. Subiri, binti.

Alisubiri. Kila asubuhi alipiga pasi blauzi nyeupe, akaivaa, akakaa nayo uani mpaka jua likapinduka. Alianza kucheka kwa kila jambo, hata msibani.  Bibi yake aliamka mapema, akamwashia makaa ya pasi.

Kisha simu ikalia. Kazi ya siku moja, kijiji kingine, upande wa Olumbi. Akifanya vizuri, alisema Custódio, mkataba ni wake.

Bibi alimfunga kifungo cha shingoni, kama alipokuwa akienda shule.

"Utawaambia nini?"

"Nitakachoambiwa, bibi."

"Haya. Ila usiwaapie, mjukuu wangu."

Huko wanawake walikuwa wametoka pwani moja kwa moja, kanga zimelowa, chaza wamejaa ndooni. Walikaa mbele mkutanoni. Mmoja aliuliza, "Na bahari yetu je?"

Zaida alipomtafsiria, Custódio hakuhitaji kufikiri. Alimpa Zaida kipaza sauti. "Waambie basi litafuata maji."

Zaida akakishika. Maneno aliyajua yote.

Bikizee mmoja akainuka, akasukuma kigoda chake hadi miguuni pa Zaida. "Kaa, mwanangu. Umesimama tangu tulipofika."

"Ahsante, bibi."

"Huyu bwana hatumjui, na Kireno chake hatukijui. Wewe ni mtoto wetu. Tuapie wewe, yatosha."

Custódio akainama, akitabasamu. "Anasemaje?"

Zaida hakukaa. Kipaza sauti kilikuwa bado mdomoni pake, kikitoa mlio mwembamba, na wanawake wakawanyamazisha watoto ili wamsikie.