Siku Bwana Maji Alipougua

Mtaalamu wa maabara alikuwa amechoka hoi, na uchovu wenyewe si ule wa kulala ukaamka umekwisha. Alikuwa na mafua wiki nzima, na hakuna aliyemwambia aende nyumbani, kwa sababu mashine ya kusoma vinasaba waliimudu watu wawili tu: yeye na mwenzake aliyeitwa Shemeji. Jina hilo alilipata kwa kumwita kila mwanamke shemeji, ingawa hakuwahi kuoa dada wa mtu yeyote. Shemeji naye alikuwa amempachika mtaalamu jina la Mama Kamasi, akacheka peke yake kama kawaida yake.

Nje ya mlango wa kioo, kwenye benchi la korido, alikaa fundi seremala. Mkewe alikuwa wodi ya moyo. Misuli ya moyo wake ilikuwa imevimba, hata kujigeuza kitandani kulimfanya aheme. Madaktari walichukua kipande kidogo mno cha nyama ya moyo huo, wakakileta maabara na swali moja: mna kirusi ndani yake au hamna? Kama hamna, mgonjwa apewe dawa kali ya kutuliza kinga, maana ni kinga yake mwenyewe inayomshambulia. Kama kimo, dawa hiyo hiyo ingekifungulia kirusi mlango, na mke wa fundi angekwisha.

"Dada," fundi alimwuliza mtaalamu asubuhi, "hicho kirusi kinaweza kuwa cha mafua?"

"Vipo vya ukoo huo. Kwa nini?"

Fundi akatazama viganja vyake. "Mimi ndiye niliyeanza kuumwa mafua. Akaniuguza. Nilivyopona tu, akaanguka yeye."

Mtaalamu alimwambia wasubiri mashine.

Sasa mashine ilikuwa imemaliza. Ilikuwa imesoma vinasaba vyote vilivyomo kwenye sampuli, herufi kwa herufi, na kompyuta ikachambua vipi ni vya mtu na vipi ni vya mgeni. Mgeni alikuwepo. Kirusi, tena cha ukoo wa mafua. Akamwonea fundi huruma, na simu ikalia.

"Nipe neno moja tu, mwenzangu," alisema daktari wa moyo, sauti yake nayo imechoka. "Kipo au hakipo? Huyu mama hali yake si nzuri."

Mdomo ulishafunguka kusema kipo. Hapo jicho lake likaangukia mstari wa chini kabisa kwenye kompyuta, mstari wa Bwana Maji.

Bwana Maji ni kichupa cha maji matupu. Kila sampuli ikishughulikiwa, naye hupitishwa hatua zile zile, kwa mikono ile ile. Hana moyo, hana damu, hana mke. Kazi yake ni kutokuwa na kitu; kikionekana kitu kwake, kimeingilia mle mle maabara. Shemeji humjulia hali kila asubuhi, na siku zote Bwana Maji ni mzima, hata wamezoea kumpita bila kumtazama. Leo alikuwa mgonjwa. Alikuwa na kirusi kile kile cha kwenye sampuli.

Mtaalamu akakumbuka barakoa iliyolowa, aliyoishusha chini ya pua apumue kidogo, na chafya iliyomponyoka.

"Daktari, sina jibu. Nimechafua sampuli, na nadhani mafua ni yangu. Kuna kipande kimebaki, tutarudia."

"Mpaka kesho?"

"Mpaka kesho."

"Haya," daktari alisema, akakata simu. Afadhali angemgombeza.

Shemeji hakutania. Alimtoa nje ya chumba, akavaa glovu mpya, akaianza kazi upya peke yake.

Kesho yake mchana Bwana Maji alikuwa mzima, na kipande cha moyo hakikuwa na kirusi chochote. Daktari aliposikia alisema anaanza dawa saa hiyo hiyo. Mtaalamu akatoka koridoni.

"Hatukupata kitu, kaka."

Fundi aliinamisha kichwa. "Kwa hiyo hamjui mumtibu nini."

"Hapana, kaka, sasa tunajua! Hakuna kirusi, ndiyo maana ameanzishiwa dawa. Siwezi kukuahidi kwamba atapona. Lakini si mafua yako. Jana tulikiona kirusi. Kilikuwa changu, nilipiga chafya kazini."

"Yaani mke wangu amekaa tangu jana bila dawa kwa sababu ya chafya?"

"Ndiyo."

Alisimama akisubiri matusi, maana aliona yanamstahili. Fundi alijifuta macho kwa mkono wa shati. Kisha akamtazama vizuri, pua nyekundu, macho yaliyoingia ndani.

"Pole na mafua, dada," alisema.

Wiki nzima hakuna aliyekuwa amempa pole. Mtaalamu akakaa kwenye benchi kando ya fundi, akalia.