Kifaranga wa Duluti

Gadiel alikuwa fundi magari pale Sakina, mtu aliyeamini kwamba kila kilicholegea dawa yake ni kukazwa. Mkewe Ndeshi alipofariki, akamkaza hata binti yao. Naserian, miaka kumi na moja tu, akapelekwa bweni Karatu.

Mwanzoni alipiga kila Jumapili kwa simu ya matroni. "Baba, njoo unichukue. Nakuomba." Gadiel akamjibu kwamba mtu mkubwa halii. Siku za wazazi kutembelea, wenzake wakienda na pilau kwenye hotpoti, yeye hakwenda, eti akionekana tu mtoto ataanza kulia. Akili gani hizo! Mwaka wa pili simu zikakoma, naye akawatambia mafundi wenzake kwamba binti amekomaa.

Sasa Naserian ana kumi na minne. Likizo hii alifua, akapika, akajibu alichoulizwa, basi. Hakuomba hata chumvi. Kimya kile kilimtesa Gadiel mpaka akaamua kumwomba arudi moja kwa moja, asome shule ya kutwa. Alitaka kumwambia wakiwa Ziwa Duluti, walikozoea kutazama ndege Jumamosi, watu watatu, enzi za Ndeshi.

Wakakaa ukingoni. Vibisi walikuwa wakipiga mbizi, mnandi mmoja ameanika mabawa juu ya gogo. Naserian aliwatazama kuku wa maji, wale weusi tii wenye paji jeupe na vinundu viwili vyekundu. Ndeshi aliwapenda kwa ugomvi wao. Mmoja alikuwa na vifaranga wanne, na yule mdogo kabisa alimfuata mama yake akililia chakula. Mama akageuka, akamkamata kichwa kwa mdomo, akamtikisa. Kifaranga akarudi. Akatikiswa tena.

"Atamuua!" Gadiel akasimama.

"Hapana, baba. Anamfundisha asiombe," Naserian alisema. "Akipigwa vya kutosha ataacha mwenyewe."

Hakusema kwa hasira. Heri angekasirika.

Kweli, kifaranga akanyamaza, akajisogeza kwenye matete peke yake. Baadaye mama alimpitia karibu na jani mdomoni. Kifaranga hakufungua mdomo.

Gadiel akaketi tena. Hotuba yote aliyoipanga njiani ikayeyuka.

"Mwanangu, nilikosea. Rudi nyumbani. Nakuomba."

"Ahsante, baba," akajibu kwa adabu ya mgeni. "Nimeshazoea kule. Usijisumbue."

Hapo fundi wa Sakina akalia, mabega yakimtikisika mbele ya watu waliokuja kutembea. Naserian alimtazama, asijue la kufanya. Kisha akatoa leso, akamwekea kiganjani, akamwambia kwa upole neno pekee la faraja alilowahi kufundishwa.

"Nyamaza, baba. Mtu mkubwa halii."