Vyuma Viwili Ndani ya Glasi

Watu husema kisasi si kitu kizuri. Ukiwachunguza wanaosema hivyo, utakuta ni wale ambao hawajawahi kuudhiwa barabara. Mpimaji alikuwa ameudhiwa. Kwa wiki sita alilala na hasira yake kitanda kimoja, akaamka nayo, akaenda nayo kazini na kurudi nayo jioni bila kuipunguza hata chembe.

Kazi yake ilikuwa kupima maji ya bomba ya mji mzima. Kila siku alizunguka na sanduku la barafu lililojaa chupa ndogo safi. Akifika kwenye bomba aliuunguza mdomo wa bomba hilo kwa moto ili kuua vijidudu vya nje, akaacha maji yatiririke mpaka aridhike, ndipo akakinga. Kwenye kichupa kingine alitia kidonge, maji yakageuka rangi ya waridi, na hiyo waridi ndiyo ilikuwa habari njema: dawa ya kuua vijidudu bado imo, inalinda. Ile harufu ya dawa ambayo watu huilalamikia asubuhi wakisema wametiliwa sumu, kwake ilikuwa harufu ya mlinzi aliye macho. Watoto wa mtaani walimwita Dada Chupa. Miaka kumi na miwili alifanya kazi hiyo, na kosa lake lilikuwa kosa la wenzake wote wa maabara: matokeo yakishapatikana waliyabandika kwenye ubao ulio ndani ya ofisi, wakayasoma wao kwa wao, wakaridhika. Mtaani hakuna aliyewahi kuambiwa kitu. Na penye ukimya, mwongo haombi kiwanja, anajenga tu.

Aliishi ghorofa ya pili pamoja na baba yake, ambaye jengo zima lilimwita Mzee Pampu. Miaka thelathini na moja mzee huyo alikuwa ameendesha pampu za mji, kazi ya zamu, mikono yenye grisi mpaka kwenye viwiko. Mwanzoni mwa mwaka mkewe alifariki kwa ugonjwa wa figo. Madaktari walipima damu, wakapiga picha, wakapima tena, mwisho mkubwa wao akavua miwani na kusema kwamba wakati mwingine figo huchoka tu, hawajui kwa nini. Mzee alimshukuru, akarudi nyumbani, akakunja nguo za marehemu moja moja mpaka zikaisha.

Miezi mitatu baadaye akaja Profesa.

Hilo si jina lake wala cheo chake. Watu walimpa kwa sababu ya koti jeupe na kalamu tatu mfukoni. Alikuwa akiuza mashine za kusafisha maji, na aliitisha wakazi kwenye ukumbi wa chini wa jengo siku ambayo Mpimaji alikuwa kazini. Akaweka glasi mbili mezani. Moja ya maji ya bomba, nyingine ya maji yaliyopita kwenye mashine yake, zote zinang'aa. Akatumbukiza kwenye kila glasi kifaa chenye vyuma viwili na kukichomeka kwenye umeme. Dakika moja haikuisha, glasi ya bomba ikawa kahawia, ikatoa mapovu, ikajaa takataka kama maji ya kuoshea viazi. Ya kwake ikabaki vilevile. Ukumbi ukaguna. Mama mmoja akamziba mtoto wake macho.

Angeishia hapo, Mpimaji angemdharau tu, akamwacha aende zake. Lakini mwenye tamaa hatosheki. Profesa aliomba birika lolote, na Mzee Pampu, mtu asiyejua kunyima, akapanda juu akaleta la kwake. Profesa akakwangua ule ugamba mweupe ulioganda ndani, akaumimina kwenye kiganja cha mzee mbele ya watu wote.

"Mzee, nimesikia mkeo alikuwa na figo. Basi mawe yenyewe ndiyo haya. Na nimesikia wewe ndiye uliyekuwa ukisukuma haya maji. Pole sana, mzee wangu. Umemnywesha kwa mkono wako mwenyewe."

Ugamba ule ni chokaa tu. Hujitenga na maji yanapochemka, na ni ndugu wa chokaa iliyomo kwenye maziwa na mifupa. Haujawahi kumuua mtu kwa njia ya birika. Lakini nani alikuwepo wa kusema? Mpimaji aliporudi jioni na kuanza kuwaeleza majirani, Profesa alikuwa ameshamtangulia. "Msimsikilize binti, ni mtu wa idara ya maji," alikuwa amewaambia. "Watu wa idara hawaaminiki, wanatetea ugali wao." Shangazi mmoja wa ghorofa ya tatu, aliyekuwa akimwita mwanangu, akamfungia mlango katikati ya sentensi.

Kuanzia siku hiyo wakazi wakawa wakipishana na Mzee Pampu kwenye ngazi wakitazama ukuta. Na mzee akaacha kunywa maji. Si kwamba aliacha kabisa. Asubuhi alilowesha midomo kwa chai, mchana mafunda mawili, basi. Midomo ikapasuka, ngozi ya mkono ukiifinya ilibaki imesimama. Mpimaji akamletea matokeo ya miaka kumi na miwili, faili zima, akamsomea. Mzee alisikiliza kwa adabu, halafu akaisukuma glasi kando kwa nyuma ya kiganja.

"Si leo, mwanangu."

Daktari alisema waziwazi: asipokunywa, figo zake zitafuata za mkewe, na mara hii sababu itajulikana. Mpimaji alitoka pale bila kuaga. Mama alikuwa amekwenda, na sasa muuza mashine mwenye kalamu tatu alikuwa akimchukua na baba. Akaapa kwamba mtu huyo ataaibika mahali palepale alipomwaibisha mzee, mbele ya macho yaleyale, na atalinywa tusi lake mpaka tone la mwisho.

Dawa ya moto ni moto. Profesa alipotangaza mkutano wa pili, ili wakazi wajiandikishe kupata mashine kila nyumba, zaidi ya zile chache alizokwisha kuwaachia wazijaribu, Mpimaji aliomba ruhusa kazini kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Akavaa gauni la kawaida, akaketi mstari wa mbele na kutabasamu. Waliomfahamu vizuri wangeliogopa tabasamu lile.

Mambo yakaenda kama yalivyokwenda mara ya kwanza. Glasi mbili, vyuma, umeme, ya bomba ikawa matope, ukumbi ukaguna tena kana kwamba haujawahi kuona. Profesa akainua ile glasi yake safi kama mtu aliyeshinda kombe.

"Swali, Profesa," Mpimaji akanyanyuka. "Hayo ya kwako mtu anaweza kuyanywa?"

"Dada, hata mtoto mchanga!"

"Basi kunywa nusu, tuone."

Akanywa kwa madaha, akafuta midomo. Watu wakampigia makofi, na Mpimaji naye akapiga, tena kwa nguvu kuliko wote.

"Sasa hiyo nusu iliyobaki naomba tuiwekee chumvi kidogo. Chumvi hii tunayokula kila siku. Haina ubaya, au ina?"

Profesa akasita, lakini macho mia moja yalikuwa yakimtazama. Akasema haina. Fundi cherehani wa ghorofa ya kwanza akatumwa mbio nyumbani kwake, akarudi na kopo. Mpimaji akailamba mbele ya watu, akampa mwenyekiti wa jengo, mama mnene asiyecheka ovyo, naye akailamba na kutikisa kichwa kukubali. Kijiko kimoja kikaingia kwenye glasi, kikakorogwa. Maji yakabaki meupe.

"Weka vyuma vyako," Mpimaji akasema.

"Lakini dada, hii si namna ya..."

"Weka vyuma."

Akaweka. Sekunde tano hazikupita. Glasi ya Profesa ikachemka mapovu, ikawa ya njano, ikawa ya kahawia, ikatoa vipande vya kijani vinavyoelea, ikachafuka mara tatu kuliko ile ya bomba. Halafu fundi cherehani akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli, "Profesa, na ile nusu nyingine si iko tumboni mwako?"

Kicheko kilichofuata kilitikisa madirisha. Mpimaji alikisikia kikimshukia kifuani kama uji wa moto siku ya baridi. Alikuwa amekingoja wiki sita, na kilikuwa kitamu kuliko alivyokuwa amekiota.

Akachomoa kifaa, akavifuta vyuma kwa kitambaa, akapita navyo mstari kwa mstari. "Tazameni. Hiki kimoja kimeliwa mpaka kimekonda. Mnachokiona kwenye glasi ni kutu ya chuma hiki. Umeme ukipita, chuma kinayeyuka. Maji ya bomba yana chokaa na chumvichumvi kidogo, ndiyo maana umeme unapita. Ya kwake yametolewa vyote, umeme haupiti, basi chuma hakiliwi. Uchafu anakuja nao mwenyewe kwenye mkoba."

Mwenye macho haambiwi tazama. Mwenyekiti alikishika kile chuma, akakipitishia kidole, akaona kidole kimekuwa chekundu. Akamgeukia Profesa. Alichomwambia hakiandikiki.

Hapo ndipo shangazi wa ghorofa ya tatu alipopaza sauti. "Kumbe! Mimi tangu ninywe maji ya mashine yake tumbo halikai! Anatutilia nini humo ndani?" Mwingine akakumbuka kwamba mtoto wake alitoka vipele. Mwingine nywele zilimkatika. Kufumba na kufumbua, maji ya mashine yakawa na makosa yote yaliyokuwa ya bomba wiki sita zilizopita, na mengine ya nyongeza.

Profesa alikuwa amepauka. Hakuwa akiwatazama wao. Alikuwa akiitazama glasi yake, mdomo wazi, na Mpimaji akaelewa. Mtu yule hakujua. Alifundishwa kuchomeka vyuma na kusema maneno, akayaamini, labda na wanawe aliwanywesha hayohayo kwa nia njema. Huruma ikabisha hodi. Mpimaji aliisikia vizuri, lakini hakuifungulia.

"Dada," Profesa akasema kwa sauti ya chini, "waambie. Wewe unajua. Maji yangu hayana kitu kibaya."

Ni kweli hayakuwa na kitu. Yalikuwa safi tu, kama ya bomba yalivyokuwa safi. Neno moja kutoka kwake lingemwokoa. Miaka kumi na miwili hakuwahi kuacha matokeo ya uongo yapite mbele yake, hata ya nukta.

"Mimi ni mtu wa idara, Profesa," akamjibu. "Na watu wa idara hatuaminiki. Si ulisema mwenyewe?"

Kisha akaketi, akakunja mikono, akawaacha wafanye watakavyo. Hawakumpiga. Walimbebea tu mashine zake mpaka nje ya geti, wakazipanga kando ya barabara moja baada ya nyingine, huku wakimwita kila jina isipokuwa Profesa. Koti jeupe lilikuwa limeloa jasho mgongoni.

Mpimaji alipanda ngazi mbili mbili kwenda kwa baba yake. Akamsimulia yote, tangu makofi mpaka geti, akiigiza sauti, akiigiza hata uso wa mwenyekiti na kidole chake chekundu. Mzee alianza kwa kutabasamu, akaishia kucheka mpaka akajishika mbavu. Hakuwa amecheka tangu mazishi.

"Na maji yake," akauliza akipangusa macho, "yalikuwa na kasoro?"

"Hayakuwa nayo."

"Uliwaambia?"

Mpimaji akainama kuvua viatu.

"Kesho ukawaambie."

"Keshokutwa, baba."

Mzee akaguna, lakini si kwa hasira. Mpimaji akaenda jikoni, akafungua bomba, akarudi na glasi iliyojaa mpaka juu. Akapiga magoti mbele ya kiti chake.

"Sasa kunywa. Umesikia ilivyokuwa. Ulikuwa uongo mtupu. Hukumuua mama."

"Najua," mzee akasema.

"Unajua nini?"

"Mwanangu, miaka thelathini na moja nimeishi na mabomba. Mimi wa kudanganywa kwa kutu? Vyuma vilipoingia tu kwenye glasi nilijua. Na chokaa ya birika naijua tangu kabla hujazaliwa."

Mpimaji akaivuta glasi nyuma, maji yakamwagikia gauni. "Basi kwa nini? Wiki sita, baba! Nimekuwa nikikutazama ukikauka!"

Mzee akamshika bega.

"Daktari alisema hajui kwa nini alikufa. Hakuna sababu, ndivyo alivyosema. Mtu nimekaa naye miaka arobaini, anaondoka bila sababu? Yule kijana alinipa moja. Mbaya, ya uongo, lakini ilishikika. Nikaishika. Nikawa na mtu wa kumlaumu, japo ni mimi mwenyewe." Akaitazama mikono yake. "Leo umeniondolea. Sasa nitamlaumu nani?"

Mpimaji alikuwa ameingia ukumbini na jibu la kila swali. Hili halikuwa na kipimo maabara wala hospitalini. Hasira yote aliyodhani ameimaliza kule chini ikamrudia ghafla, nzima, ikiwa haina pa kwenda. Akaanza kulia, kilio kibaya cha mtu mzima, huku bado ameishikilia ile glasi.

"Mlaumu Profesa," akasema hatimaye.

"Hana kosa hilo, mwanangu."

"Najua hana. Wewe mlaumu tu, baba. Nami nitakusaidia."

Mzee akanyoosha mkono, akaipokea glasi, akainywa yote bila kupumua, maji yakimchuruzika kidevuni pamoja na machozi. Akairudisha tupu.

"Ongeza," akasema.