Alama ya Kidole kwenye Beringi ya Kwanza

Qiao Yulan alipandwa na hasira alipofika mwisho wa ukuta. Makumbusho ya kiwanda yalikuwa chumba kimoja kirefu, ghala la zamani la grisi, na kiangazi hicho cha mwaka 1988 chumba kilikuwa kimepakwa chokaa na kubandikwa historia nzima ya beringi za China, zile pete za kuwezesha magurudumu na mashine kuzunguka. Ilianza na pete za shaba zilizochimbwa ardhini, ambazo hakuna ajuaye ni nani aliyezitengeneza. Ikafuata picha ya chombo cha kutazamia nyota cha enzi za watawala wa Yuan, ambacho mtaalamu wake aliweka rola ndogo chini ya duara zito ili ligeuke bila kukwama. Miaka mia saba imepita, na jina la bwana yule limeandikwa hapo kwa rangi ya dhahabu. Mwisho wa chumba, ndani ya sanduku la kioo, ilikaa beringi kubwa ya kwanza kutengenezwa kiwandani hapo, ya mwaka 1959, na kibao kilichosema ilitengenezwa chini ya uongozi wa Komredi Pang Dewen.

Uongozi gani? Mwaka 1959 Pang Dewen alikuwa kijana wa kufagia vyuma chini ya mashine. Aliyeitengeneza beringi ile, akasaga kila rola kwa mkono wake mpaka zikalingana, alikuwa Geng Baoshan, na jina la Geng Baoshan halikuwepo popote ukutani, hata kwa penseli.

Geng ndiye aliyemfundisha kazi Qiao. Alimpokea akiwa msichana aliyetoka kuvuna ngano, asiyejua hata kushika faili, na mwaka uliofuata akampokea Pang. Ndiyo maana Pang, ingawa sasa ni mkurugenzi mwenye gari jeusi, bado alimwita Qiao dada. Kila Mwaka Mpya wote wawili walikwenda kumsalimu fundi wao na kula jiaozi, maandazi madogo ya nyama yaliyokunjwa na mkewe, kama desturi inavyotaka. Mke wa fundi ni mama yako, huhitaji kukumbushwa. Pang aliacha kwenda mwaka ule wa beringi, na hakurudi tena.

Mambo yalikuwa hivi. Siku zile kila kiwanda kilikuwa kikipeleka habari njema kwa wakubwa. Ukimaliza kitu kipya unakifunika kitambaa chekundu, unatoka nacho barabarani kwa ngoma na matoazi hadi ofisi ya chama, na mpiga picha yupo. Beringi ikapelekwa kabla haijapakwa mafuta ya kuizuia kutu, maana wakubwa hawangojei mafuta. Iliporudi na kufunguliwa baada ya siku chache, ubavuni ilikuwa na kutu ya hudhurungi, mistari ya kidole gumba imejichora vizuri kabisa. Mtu alikuwa ameishika mkono mtupu.

Kwa watu wa beringi hilo ni kosa lisilosameheka. Jasho lina chumvi, na chuma kilichosagwa hadi kung'aa hakisahau kidole. Wapo wenye mikono mikavu ambao wanaweza kushika chuma siku nzima kisifanye kitu, na wapo wenye jasho kali, wakigusa tu kimeharibika. Mikono ya Geng ilikuwa mikavu kama mti, na kila mtu karakana nzima alilijua hilo. Pang yeye alivaa glavu hata wakati wa kula mkate, akasema anapenda usafi. Lakini fundi mkuu ndiye mwenye dhamana, na mkutano ulitaka mtu. Geng aliondolewa kwenye mashine akapelekwa kubeba makaa ya tanuri, akabeba mpaka kifua kikamharibika na kumuua. Beringi ikawekwa rafuni, na kila mwaka vijana wapya wakaoneshwa alama ile na kuambiwa, hii ndiyo kazi ya fundi mzembe.

Kila sikukuu ya kufagia makaburi Qiao alikwenda na mjane wa Geng. Mama Geng alimwaga pombe kidogo juu ya kaburi, akamwambia mumewe, "Bado." Hakusema zaidi, na Qiao alijua ni nini ambacho bado. Mama Geng alikuwa akizeeka, na hakutaka kumfuata mumewe akiwa na neno hilo hilo mdomoni.

Sasa Qiao alikuwa amestaafu, na kiwanda kikampa kazi ya kuwatembeza wageni katika makumbusho hayo. Siku ya ufunguzi ilinyesha, chumba kikawa na joto la kunata. Alama ya zamani ilikuwa imegeuziwa ukutani isionekane. Mpiga picha alimwomba mkurugenzi aitoe beringi kwenye sanduku, akamwambia avue glavu, zinaficha mikono ya mfanyakazi. Pang, mbele ya wageni wote, akavua. Qiao alifungua mdomo kumzuia, ndivyo alivyozoea, kisha akaufunga.

Baada ya siku chache kutu ilitoka. Kidole gumba upande mmoja, vinne upande wa pili, hudhurungi ile ile. Qiao aligeuza beringi mpaka alama mpya na ya zamani zikaonekana pamoja, akazitazama kwa kioo cha kukuzia cha wakaguzi. Kilikuwa kidole gumba kile kile, chenye kovu lile lile dogo kukata mistari. Alikaa chini akalia kwa ghadhabu, peke yake, kati ya pete za shaba na picha ya chombo cha nyota.

Pang alikuja mwenyewe, jioni, akafunga mlango.

"Dada, mkono wako mwepesi. Pitisha dawa ya kung'arishia kidogo tu, iondoke. Wageni wa wizara wanakuja keshokutwa."

"Na ile ya zamani?"

"Tulikuwa watoto, dada. Siku ile ya ngoma mpiga picha aliniambia niishike nivue glavu, nikavua. Ningejuaje jasho langu liko hivyo?"

"Ulijua kutu ilipotoka."

"Wangenifukuza."

"Kwa hiyo ukaacha wamfukuze yeye."

Qiao akamwambia anachotaka ni kitu kimoja, jina la Geng liandikwe kwenye kibao. Pang akafikiri, akatoa wazo lake kama mtu anayetoa sadaka. Wataandika kwamba beringi ilitengenezwa na wafanyakazi wote kwa pamoja. Itampendeza kila mtu.

"Wafanyakazi wote kwa pamoja hawakubeba makaa, Dewen," Qiao alisema. "Alibeba mmoja. Haya, niachie hapa."

Pang akaondoka ametulia, akidhani amekubaliwa. Qiao alivaa glavu, akaipaka beringi mafuta ili kutu isiendelee, wala hakuifuta hata mstari mmoja. Akairudisha sandukuni, alama zote mbili zikielekea kwenye kioo.

Wageni wa wizara walipokuja, Mama Geng alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na sanduku, amevaa koti lake la buluu la sikukuu. Qiao aliwatembeza wageni tangu mwanzo. Aliwaonesha pete za shaba zisizo na mwenyewe. Aliwaonesha chombo cha nyota, akalitaja jina la mtengenezaji wake. Kisha akasimama mbele ya kioo akasema kwa sauti ya kazi kwamba beringi hii ilitengenezwa na fundi Geng Baoshan, na mjane wake ni huyu hapa. Alama hii ya kulia ni ya kidole cha mkurugenzi, ya siku ya ufunguzi. Hii ya kushoto ndiyo iliyomtoa Geng kazini. Kioo cha kukuzia kipo, anayetaka atazame.

Mgeni mmoja akakichukua akainama. Mikono ya Pang ilikuwa imeingia mifukoni.

Mama Geng alimtazama Pang, hata pasipo hasira, na hilo ndilo Pang hakuweza kulivumilia, akatazama chini.

"Dewen," alisema, "ulikuwa unakula kwangu. Ungeniambia tu."