Dodoso la Bibi Shamba

Siku ya Jumanne, tarehe 14 Machi mwaka 2023, Bibi Shamba alijaza dodoso lililouliza maofisa ugani wanahitaji mafunzo gani ya kuzungumza na wakulima. Kueleza, kuuliza, kusikiliza: kote aliandika, "Sihitaji." Uvumi ulikuwa umeenea ofisini kwamba atakayekiri upungufu atapunguzwa kazini, naye alikuwa mjane mwenye watoto watatu shuleni.

"Sote tumejaza hivyo, shoga," mwenzake alimnong'oneza. "Ng'ombe hajipeleki machinjioni!"

Mtathmini aliyeyaleta madodoso, mama mpole wa makamo, aliyakusanya, kisha akamwomba Bibi Shamba wafuatane shambani kwa wakulima.

Huko Bibi Shamba alifundisha kuchanganya dawa ya viwavi kwa saa nzima, akitaja mililita na uwiano. Wakulima waliitikia kwa vichwa, hata wakampigia makofi.

"Bibi, umeyaonaje mafunzo?" mtathmini alimuuliza ajuza aliyeketi mbele.

"Mazuri mno! Huyu binti ulimi wake asali."

"Basi tuonyeshe utakavyochanganya."

Ajuza akatwaa chupa, akaiinamisha juu ya ndoo kana kwamba anamimina maziwa.

"Basi, Bibi!" Bibi Shamba alimshika mkono. "Ni kifuniko kimoja tu! Utaunguza mahindi yote!"

"Sasa kifuniko si ungekitaja, mjukuu wangu? Hizo mililita hazijawahi kubisha hodi kwangu."

"Mbona hukuuliza?"

"Ningeuliza saa ngapi, nawe hata mate hukumeza?"

Wakulima wakaangua kicheko. Bibi Shamba hakucheka. Msimu uliopita mahindi ya ajuza huyu yaliungua, naye aliandika katika ripoti: uzembe wa mkulima.

Akamgeukia mtathmini. "Naomba dodoso langu."

"Umekosea mahali?"

"Nimesema uongo. Kama ni kufukuzwa, na nifukuzwe kwa kusema kweli." Akayafuta majibu yake, akaandika: "Nahitaji kujifunza kusikiliza."

Mtathmini alilisoma taratibu. "Mficha uchi hazai," alisema. "Maofisa thelathini na mmoja, na hakuna aliyehitaji lolote. Ningewaombea mafunzo gani? Sasa ninapo pa kuanzia, na utakuwa wa kwanza darasani."

Bibi Shamba akashusha pumzi, akaketi chini kando ya ajuza.

"Bibi, nisamehe kwa ya mwaka jana. Hebu nieleze, ulipima vipi?"

Ajuza akaeleza kwa kirefu, naye hakumkatiza.

Nawe uliyesoma, usikae na hadithi hii peke yako: msomee asiyejua kusoma, naye amsimulie jirani yake.